Uzi wa Machi: vitwitwi wanavaa rangi, chole wanapanda kaskazini. Leta ulichoona, leta na ushahidi

Chumvini (Dar es Salaam)
Machi 14, saa 2:10 usiku

Wakuu, salaam. Kaskazi inakata, mawingu ya masika yameshaanza kukaa, na ndege waliotujia tangu Agosti na Septemba wanajiandaa kurudi kwao. Huko wanakoelekea majira ya kuchipua ndiyo kwanza yanaanza. Sisi tunayaona kwenye manyoya tu: kitwitwi, ndege wa ufukweni, aliyekuwa kijivu tupu Desemba, leo ana madoa mekundu kifuani, na wiki tatu mbele utadhani ni ndege mwingine.

Ndiyo sababu ya kufungua uzi sasa. Kuanzia hapa mpaka Aprili iishe, ndege waliokuwa wanafanana Januari wanatofautiana kwa macho, halafu hao, wanaondoka. Ukiwakosa, subiri mwakani.

Naanza mimi. Kunduchi, mabwawa ya chumvi, bamvua ya juzi, maji yamejaa kwenye saa kumi na moja jioni. Bahari ikishafunika matope yote hawana pa kula, wanahamia mabwawani kusubiri. Wewe unakaa mbali, jua mgongoni. Vitwitwi aina ya Calidris ferruginea kama mia mbili, baadhi wameshaanza kuiva rangi. Xenus cinereus kadhaa, wale wenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu ya rangi ya chungwa. Na Calidris falcinellus mmoja, huyu si wa kila siku: mdogo, miguu mifupi, mdomo umenyooka halafu unainama ghafla nchani, na juu ya jicho ana mistari miwili myeupe badala ya mmoja. Picha nimeweka tatu, mbili ni za hovyo, mtanisamehe.

Ombi langu ni moja. Ukileta ndege wa nadra, jina liweke mwisho. Anza na ulichokiona: ukubwa wake ukimlinganisha na jirani aliyesimama naye, mdomo, miguu, kichwa, alikuwa anafanya nini, mwanga ulitoka wapi. Wenzako wakisoma wafike kwenye jina wenyewe.

---

Nipo_Nimekaa (Moshi)
Machi 14, saa 2:31 usiku

Napita tu mkuu. Hawa wanaliwa?

---

Chumvini
Machi 14, saa 2:40 usiku

Kitwitwi mzima ana kama gramu 60, na mifupa imo. Kaa usome, mkuu.

---

LenziYaPwani (Bagamoyo)
Machi 16, saa 1:05 usiku

Ngoja niutikise uzi. Jana jioni, mabwawa ya chumvi Bagamoyo, nimempata kitwitwi mongolus wa Siberia. Si hawa atrifrons wa Tibet wanaojaa pwani yetu kila mwaka. Kipaji cheupe, kinyago cheusi kinapita machoni, kifua kinaanza wekundu. Picha hiyo hapo, ya simu kupitia darubini. Tangu wataalamu wawatenganishe kuwa spishi mbili nimekuwa nikimtafuta. Naomba aingie kwenye kumbukumbu.

---

KasaWaMida (Watamu)
Machi 16, saa 2:50 usiku

Bana, kazi nzuri, hiyo picha si mbaya kwa simu. Lakini twende polepole.

Nimeikuza hadi ikaharibika. Weupe kipajini upo, nakubali. Sasa tuuangalie umekaaje. Dume wa Siberia aliyekamilika ana kipaji cheupe kilichokatwa katikati na mstari mwembamba mweusi unaoshuka kuelekea mdomoni. Tena pale koo jeupe linapokutana na wekundu wa kifua, kuna mstari mweusi mwembamba kama wino. Wa Tibet kipaji chake ni cheusi, na huo mstari wa kooni kwa kawaida hana.

Hapo ingekuwa rahisi. Lakini hao wa Tibet wenyewe wana jamii ndani yao, na wanaofika Afrika Mashariki wengi ni wale wa milima ya Pamir, pamirensis. Kati yao wapo wenye madoa meupe kipajini, moja kila upande. Wamewachanganya watu wengi, tena wenye darubini ghali kuliko zetu.

La pili ndilo linalonisumbua zaidi. Tarehe. Katikati ya Machi ndege huyu bado yuko kwenye kubadili manyoya. Kipaji chake cha miezi ya kukaa huku kilikuwa cheupe tayari, na manyoya yale hayadondoki yote siku moja. Weupe unaouona unaweza kuwa wa zamani ambao haujaondoka.

Una picha ameelekeza uso kwako? Na koo?

---

LenziYaPwani
Machi 16, saa 3:12 usiku

Sina ya uso, alikuwa ubavu muda wote. Ila kwa macho nilimwona vizuri sana, na mimi vitwitwi si mgeni nao. Koo lilikuwa na mstari.

---

Chumvini
Machi 16, saa 3:30 usiku

Mkuu, hakuna anayekutilia shaka wewe. Anayetiliwa shaka ni ndege.

Maswali mawili. Huo mstari wa kooni mbona haupo kwenye maelezo ya kwanza, umekuja baada ya Kasa kuutaja? Na yule mkubwa nyuma yake, mwenye mdomo mnene na mrefu, ni leschenaultii, ndugu yao mkubwa? Kama ndiye, tunaye wa kumpimia. Mdomo wa ndege wako ni mfupi, hivyo leschenaultii tumemwondoa kabisa. Tumebaki na wawili tu, hayo ni maendeleo.

---

LenziYaPwani
Machi 16, saa 3:38 usiku

Sikuutaja kwa sababu niliona kipaji kinatosha. Sasa ndiyo nimeambiwa hakitoshi.

---

Dada_Sabaki (Malindi)
Machi 19, saa 12:40 asubuhi

Natoka nje ya vitwitwi kidogo. Nina shamba karibu na mdomo wa mto Sabaki, na kwenye matete ya mfereji kuna ndege anaimba tangu juzi, alfajiri na baada ya mvua. Hajitokezi. Nimemrekodi kwa simu, programu ya kutambua sauti za ndege ikanipa jina Acrocephalus griseldis. Nikasoma kuwa yuko hatarini kutoweka duniani, nikashtuka. Ni yeye kweli? Nimeambatisha video.

---

Mzee_Nyavu (Voi)
Machi 19, saa 7:15 mchana

Binti, umenifurahisha. Programu hizo hulinganisha sauti yako na sauti inazozijua, kisha zinakupa anayefanana zaidi. Ni msaada mzuri wa kujua uanzie wapi, na ikiishia hapo hujamthibitisha.

Huyo ndege mimi namjua mkononi. Nimewahi kusaidia kwenye nyavu za kunasia ndege kule Ngulia, Tsavo Magharibi. Huko ndege wamekuwa wakivishwa pete tangu 1969. Usiku wa ukungu, Novemba na Desemba, wahamaji wanaotoka kaskazini huvutwa na taa za hoteli na kushuka kwa wingi, asubuhi wako vichakani. Griseldis hupatikana humo karibu kila msimu. Kwa hiyo kumsikia Malindi mwezi wa tatu, akirudi kwao, si ajabu hata kidogo. Kwao ni vinamasi vya kusini mwa Iraq. Vilikaushwa sana miaka ya 1990, na ndiyo sababu kubwa ya kuwa hatarini.

Shida ni ndugu yake mkubwa, arundinaceus. Naye hupita pwani, naye hukaa matetani, naye ni fundi wa kelele. Arundinaceus ni mkubwa, wa kahawia yenye joto, mdomo mnene, na sauti yake inakwaruza kwa nguvu. Griseldis ni mdogo kuliko yeye, mgongo una ukijivu wa zeituni, chini mweupe zaidi, mdomo mwembamba na mrefu, wimbo una utulivu. Nimesikiliza hiyo video. Nusu yake ni jogoo.

---

Dada_Sabaki
Machi 19, saa 7:50 mchana

Shikamoo Mzee. Huyo jogoo ni wa jirani, hana saa. Kesho nitakwenda bila video, nirekodi sauti peke yake.

---

Mzee_Nyavu
Machi 19, saa 8:05 mchana

Marahaba mwanangu. Rekodi ndefu, simu iweke chini kwenye kisiki, usiishike. Na usimpigie sauti ya ndege mwenzake ili atoke. Yuko safarini, anatakiwa ale anenepe, ukimchokoza anapoteza muda kugombana na simu.

---

BinBahari (Maskati, Oman)
Machi 20, saa 4:20 usiku

Hamjambo nyote. Mie mzaliwa wa Unguja, kazi imenileta huku, nasoma uzi huu kwa raha. Kwenye suala la mongolus, hata huku Oman wanaotujia wengi ni wale wa Tibet, kwa hiyo nami ningetaka koo na kipaji vyote viwili kabla ya kusema Siberia.

Nililotaka kuuliza ni la Dromas ardeola, yule mweupe na mweusi, mla kaa. Kule kwa Kasa, hori la Mida, wangapi wamebaki? Maana huku wanakaribia kuanza kuchimba. Ndiye kitwitwi pekee anayetaga ndani ya shimo refu alilolichimba mchangani, yai moja jeupe, na joto la mchanga linafanya sehemu kubwa ya kazi ya kulalia. Mwezi wa nne na wa tano wanataga, jua linapochoma kweli.

---

KasaWaMida
Machi 20, saa 4:55 usiku

Wapo bado, ila kundi limepungua ukilinganisha na Januari. Waliobaki wengi naona ni wachanga wa mwaka jana, wana ukijivu mgongoni pale penye weusi wa mkubwa. Januari hapa utamkuta kijana mkubwa mzima anamfuata mzazi matopeni akilialia apewe kaa, na anapewa! Vitwitwi wengine walio wengi wakishatotolewa wanajilisha wenyewe, huyu anadekezwa hadi bara jingine.

---

LenziYaPwani
Machi 22, saa 1:30 usiku

Nimerudi Bagamoyo kumtafuta ndege wangu. Nilimwona mbali, nikapita juu ya tuta kumsogelea nipate uso. Kundi lote likaruka. Nikangoja mpaka magharibi, hawakurudi.

---

Chumvini
Machi 22, saa 1:44 usiku

Mkuu, hilo hapana.

Hawa ndege wiki hizi wanaweka mafuta mwilini. Ferruginea aliyeko hapo atakwenda mpaka Taimyr, kaskazini kabisa ya Siberia, na akifika anatakiwa atage mara moja kwa sababu kiangazi chake ni cha wiki chache. Saa za maji kujaa ndizo za kupumzika. Ukiwarusha wakati bahari imejaa hawana pa kutua pengine, wanazunguka wakichoma kile walichokula mchana kutwa. Picha ya uso inapatikana kwa kukaa. Tangulia saa moja kabla ya maji kujaa, keti chini, wao ndio watakufuata.

---

LenziYaPwani
Machi 22, saa 1:52 usiku

Nimekusikia.

---

MwanaTanga (Tanga)
Machi 29, saa 3:00 usiku

Wakuu, nilikuwa Bagamoyo kikazi, nikaiba jioni moja. Nilikaa chini ya mti kama alivyosema Chumvini, kundi likaja lenyewe. Ndege wa LenziYaPwani nadhani nimempata: kundi lile lile, kona ile ile ya bwawa la pili, na ana kidole kimoja cha mguu wa kulia kilichokatika, kama kinavyoonekana kwenye picha ya mwanzo ukiangalia vizuri. Picha nne, mbili ni za uso. Sitaji jina. Semeni nyie.

---

KasaWaMida
Machi 29, saa 3:25 usiku

Asante sana, hii ndiyo kazi.

Tazameni picha ya tatu. Katika wiki mbili kipaji kimeingia weusi. Kilichobaki ni madoa mawili meupe, kushoto na kulia, madogo, na kati yake weusi ni mpana, si mstari. Picha ya nne koo linaonekana lote: weupe unaingia kwenye wekundu moja kwa moja, hakuna wino. Mimi nasema atrifrons, na kwa madoa hayo naelekea Pamir.

---

BinBahari
Machi 29, saa 3:41 usiku

Nami naona hivyo hivyo. Angekuwa wa Siberia, kwa tarehe hii mstari wa kooni ungeanza kujionyesha.

---

LenziYaPwani
Machi 29, saa 4:10 usiku

Kidole kilichokatika wanacho wengi, nyuzi za wavuvi zinawakata. Ndege wa MwanaTanga ni wa Tibet, sipingi. Kwamba ndiye yule wa kwangu, hapo bado hamjanishawishi.

---

Chumvini
Machi 29, saa 4:30 usiku

Na hoja yako ina uzito, usidhani tunakupuuza. Kwenye kundi la mamia hatuwezi kuapa kwa kidole.

Kwa hiyo tufanye hivi. Rekodi ya Machi 15 kwenye eBird, mtandao wa kuweka kumbukumbu za ndege, ibadilishe, iwe "Siberia au Tibet". Nafasi hiyo ipo kwa ajili ya hali kama hii, na si adhabu. Ndege anahesabika, mahali panahesabika, tarehe inahesabika. Ukiacha jina la Siberia, mfumo utaipiga bendera, mhakiki wa kujitolea atakuandikia akitaka maelezo, na picha ya ubavu haitamtosha. Mpaka akubali, haitaonekana kwenye ramani ya wote, ingawa kwenye orodha yako inabaki. Ya MwanaTanga iende kama atrifrons na picha zote nne.

Kwa wenzetu wa Kenya ni vivyo hivyo kwa programu ya BirdLasser na ramani ya ndege ya Kenya, na ndege wa nadra kweli hupelekwa kwenye Kamati ya Ndege Adimu ya Afrika Mashariki. Wale hawaoni haya kukataa. Nimesoma maamuzi yao, kuna watu wenye majina makubwa waliorudishiwa.

---

Nipo_Nimekaa
Aprili 4, saa 2:15 usiku

Wakuu, mimi yule wa Moshi. Leo nimepanda basi la Dar, na kwa sababu yenu nilikuwa naangalia nje badala ya simu. Kati ya Same na Mombo, juu ya nyaya za umeme, kuna ndege wa bluu wengi ajabu. Naeleza kama mlivyosema, jina sijui.

Ukubwa kama njiwa, ila kichwa kikubwa na mdomo wa nguvu. Kichwa na kifua bluu ya maji yote, hakina zambarau. Mgongo kahawia ya kutu. Akiruka, bawa lina bluu kali na ukingo wa nyuma mweusi. Mkia umekatika wima, hauna zile nyuzi mbili ndefu. Wamekaa mmoja mmoja, si kundi, waya baada ya waya, na wanaoruka walikuwa wanaelekea nilikotoka, yaani kaskazini. Mvua ilikuwa imenyesha, kumbikumbi wametoka. Picha hakuna, basi lilikuwa linakimbia.

---

Chumvini
Aprili 4, saa 2:22 usiku

Mkuu! Bila picha na nimeridhika.

Huyo ni chole wa Ulaya, Coracias garrulus. Ulipotaja kifua kisicho na zambarau na mkia usio na nyuzi, umemwondoa caudatus, chole wetu wa mwaka mzima. Mgongo wa kutu na mwelekeo wa kaskazini vikamaliza. Mwanzoni mwa Aprili wanapita kaskazini mashariki mwa Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya kwa wingi, siku chache tu, kwenda Pembe ya Afrika na kuvuka Arabuni. Basi moja likichelewa siku tatu halioni kitu.

Uliweza kuhesabu?

---

Nipo_Nimekaa
Aprili 4, saa 2:30 usiku

Nilihesabu mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama niko sawa. Nilipofika arobaini na kitu nikaacha. Narudi Jumatatu.

---

Mzee_Nyavu
Aprili 4, saa 3:10 usiku

Jumatatu hesabu kwa nguzo. Anza Mombo, andika saa, andika chole wangapi mpaka Same, na uandike pia kama mvua ilinyesha. Wa pembeni mpe karatasi, ahesabu upande wa pili.

---

BinBahari
Aprili 5, saa 1:15 asubuhi

Na sisi huku tutawangoja. Mkiona wamepungua kwenu, tuandikieni.

---

Dada_Sabaki
Aprili 6, saa 12:55 asubuhi

Mzee, shikamoo. Sauti hiyo, dakika sita, jogoo yumo mara mbili tu. Na jana baada ya mvua alipanda juu ya tete akajikausha. Ni mdogo kuliko nilivyofikiria. Mgongo hauna wekundu wowote, ni kijivu chenye uzeituni. Chini mweupe. Mdomo mrefu mwembamba kwa mwili ule. Picha moja, tete limemkata tumboni.

---

Mzee_Nyavu
Aprili 6, saa 2:40 asubuhi

Marahaba. Nimesikiliza mara mbili kwa spika za masikio. Hakuna ile mikwaruzo ya arundinaceus, wimbo unakwenda chini chini bila kupayuka. Mdomo wa pichani ndio wenyewe. Griseldis, kwangu mimi nimetia sahihi. Ipeleke, na kwenye maelezo uandike hayo hayo uliyoandika hapa, usiongeze. Faili la sauti lipandishe lilivyo, usilipitishe WhatsApp, linabanwa linapoteza nusu.

Na matete hayo ya mfereji, kama ni yako, usiyafyeke mpaka Mei.

---

Dada_Sabaki
Aprili 6, saa 2:58 asubuhi

Ni ya baba mkwe. Nitaongea naye.

---

LenziYaPwani
Aprili 9, saa 2:05 usiku

Bagamoyo tena. Nilifika maji bado yako mbali, nikaketi, sikuinuka mpaka giza. Kundi limepungua sana, kusi imeanza kusukuma. Kuna dume mmoja, kifua kimeiva kabisa. Nimepiga akiwa ameniangalia. Kipaji cheupe, na katikati kuna mstari. Koo angalieni wenyewe, mimi sisemi neno. Napandisha sasa, mtandao ni wa kubembeleza.

---

KasaWaMida
Aprili 9, saa 2:09 usiku

Usipunguze ukubwa. Weka zote, hata zilizotikisika. Nawasha kompyuta.